Bomba jipya la hewa kwenye injini ya turbo: injini haitulii na harufu ya oili inaingia ndani ya gari

Msafiri_wa_Usiku aliandika:

Habari zenu wakuu. Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0, silinda nne, yenye turbo, na sensa ya kupimia hewa imekaa mara tu baada ya boksi la chujio. Mpira wa asili unaopeleka hewa kutoka kwenye boksi hilo hadi kwenye turbo ulikuwa umeanza kupasuka kwenye mikunjo yake, nami badala ya kutafuta mwingine wa aina ileile nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kufanya mageuzi. Niliondoa boksi zima, nikafunga bomba la alumini la milimita 76 lenye chujio la wazi la umbo la pia, kisha sensa nikaihamishia kwenye tundu lililochongwa juu ya bomba hilo. Ganda la asili la sensa nimelipima kwa kaliba na kipenyo chake cha ndani ni milimita 70, kwa hiyo niliamini kwamba bomba kubwa zaidi lingeipa turbo nafasi ya kupumua.

Bomba jipya halina mahali pa kuchomeka mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini. Niliuondoa mpira huo na pale kwenye kifuniko nikaweka kichujio kidogo, kama nilivyoona kwenye picha za magari mengi yaliyofanyiwa mageuzi. Valvu ya PCV, ile inayounganisha ndani ya injini na manifoldi ya kuingizia hewa, sikuigusa kabisa.

Tangu hapo injini haina sailensi, yaani haitulii bila kukanyagwa: mshale unapanda na kushuka kati ya mizunguko 600 na 1,000 kwa dakika nikiwa nimesimama, harufu ya oili ya moto inaingia ndani kila ninapowasha feni ya hewa, na taa ya injini imewaka. Skana inatoa msimbo P0171. Nimesoma pia marekebisho ya petroli yanayofanywa na kompyuta, nikajumlisha ya muda mfupi na ya muda mrefu: injini ikizunguka bila kukanyagwa ni +19 kwa mia, na kwenye mizunguko 2,500 barabarani ni +10 kwa mia. Rafiki yangu ananishauri niizibe valvu ya PCV, mvuke wote utokee kwenye kile kichujio kidogo, halafu kompyuta ipangwe upya. Je, ushauri huo ni salama, na je, bomba lenyewe ndilo lenye kosa au ni kipumulio?

Spana_Kumi_na_Nne aliandika:

Ndugu Msafiri, umefanya vyema kuja na namba, kwa sababu wengi huja na maneno "gari limekosa nguvu" wakitarajia tupige ramli. Namba zako mbili zinaonyesha kwamba una makosa mawili tofauti yaliyolaliana, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza ifuate hewa kwa kidole wakati injini inazunguka bila kukanyagwa. Throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, imefunga, kwa hiyo ndani ya manifoldi kuna mvuto mkubwa, na mvuto huo unafyonza kupitia valvu ya PCV zile gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini yenye oili. Kinachofyonzwa lazima kijazwe, na katika mpangilio wa kiwandani kilijazwa na hewa safi iliyorudi kwa njia ya mpira ule ulioutoa, mpira ambao ulichukua hewa yake kati ya sensa na turbo. Hiyo ilikuwa hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Leo hewa hiyo inaingilia kwenye kichujio chako kidogo, inapita ndani ya injini, inatoka kwenye valvu ya PCV na kufika kwenye manifoldi bila sensa kujua habari zake. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inaona oksijeni imezidi, kompyuta inaongeza petroli, na ikiongeza kupita kiasi ilichowekewa inawasha taa na kuandika P0171, yaani mchanganyiko una petroli pungufu.

Ndiyo maana tatizo ni kubwa zaidi ukiwa umesimama. Injini isiyokanyagwa inahitaji hewa kidogo sana, hivyo mwanya mdogo unakuwa sehemu kubwa ya hewa yote; ukifika mizunguko 2,500 mwanya ni uleule lakini hewa iliyopimwa imeongezeka mara kadhaa. Unaweza kuthibitisha kwa dakika moja: unganisha skana, acha injini iliyopata moto izunguke, kisha ubane mpira wa PCV kwa koleo lililofungwa kitambaa ili usiukate. Ikiwa ninayoyasema ni kweli, marekebisho ya muda mfupi yataanza kushuka ndani ya sekunde chache na mshale utatulia.

Zile +10 zinazobaki barabarani ni habari nyingine. Bomba linaloitwa la milimita 76 hupimwa kwa nje, na kama ukuta wake una unene wa milimita 1.5, ndani linabaki na milimita 73. Zidisha 73 kwa 73, ugawanye kwa 70 mara 70, utapata 1.088. Maana yake ni kwamba njia ya hewa mahali ilipo sensa imepanuka kwa takriban asilimia 9. Sensa ya aina hii haioni hewa yote. Inaona tu jinsi kipande cha hewa kinachoigusa kinavyoipoza, na kompyuta imekariri kwamba upozaji wa kiasi fulani ndani ya bomba la milimita 70 ni sawa na gramu kadhaa za hewa kwa sekunde. Kiasi kilekile cha hewa kikipita kwenye bomba pana zaidi kinakwenda polepole zaidi, sensa inapozwa kidogo, na kompyuta inasoma asilimia 8 pungufu. Ili kuziba pengo hilo inalazimika kuongeza petroli kwa karibu asilimia 9, na hapo ndipo namba yako inapoangukia.

Usiseme kwamba kompyuta inajirekebisha yenyewe kwa hiyo hakuna neno. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta za magari mengi huacha kuifuata sensa ya oksijeni na kutegemea hesabu yake ya hewa. Hesabu hiyo ikiwa pungufu, petroli inapungua wakati ule ule ambapo turbo imeshindilia hewa kwa nguvu, na zaidi ya hapo kompyuta inadhani mzigo wa injini ni mwepesi kuliko ulivyo, kwa hiyo inawahisha cheche ya plagi kuliko inavyostahili. Petroli pungufu pamoja na cheche ya mapema chini ya presha ya turbo ndivyo vinavyoleta mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati, na kichwa cha pistoni hakisubiri taa iwake.

Ushauri wangu ni kwamba ulirudishe ganda la asili la sensa, pamoja na wavu wake kama unao, uliunganishe ndani ya njia mpya kwa vipande vya mpira wa silikoni, na kabla yake kuwe na kipande cha bomba kilichonyooka, kwa maana hewa inayotoka kwenye kona huzunguka na kuifanya sensa isome ovyo. Kisha fundi wa alumini achomelee kwenye bomba lako, baada ya sensa na kabla ya turbo, shingo yenye kipenyo sawa na ile ya mpira wa kupumulia wa zamani. Usilichomelee bomba likiwa bado kwenye gari. Lishushe, na baada ya kuchomelea ulioshe ndani hadi uhakikishe hakuna punje hata moja ya chuma, kwa kuwa feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na punje ndogo tu inatosha kuziharibu kingo zake.

Presha_Kamili aliandika:

Nakubaliana na Spana kuhusu uchunguzi, ila natofautiana naye kidogo kuhusu dawa, kwa sababu bomba pana si kosa lenyewe. Kosa ni kulibadilisha bila kuiambia kompyuta. Anayepanga kompyuta upya kwa kutumia vipimo vya ganda jipya anaweza kuiweka sensa kwenye bomba la milimita 73 au hata 80 na ikasoma sawasawa.

Faida ya kuondoa kizuizi kabla ya turbo ni ya kweli pia. Tuseme unataka presha ya kilopaskali 200 baada ya turbo, na nje ni 100. Bila kizuizi chochote turbo inazidisha mara 2. Chujio na mpira vikipoteza kilopaskali 5 njiani, turbo inaanza na 95 na italazimika kuzidisha mara 2.1 ili kufika palepale. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nyuzi 25 mwanzoni, hewa itatoka ikiwa na nyuzi kama 126 badala ya 118. Si tofauti ya kutisha, lakini ni joto ambalo intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, italazimika kulibeba.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo. Chujio lako la wazi limekaa ndani ya boneti, pembeni ya injini ya moto. Hewa ikiingia na nyuzi 55 badala ya 25, uzito wake kwa kila lita unapungua kwa asilimia 9, na joto hilo la mwanzo linaongezeka zaidi likipita kwenye turbo. Kwa hiyo unaweza kuwa umeokoa kilopaskali mbili tatu na kulipa zaidi kwa joto. Kabla ya kusema boksi la asili linabana, toboa tundu dogo karibu na turbo, unganisha geji ya mvuto, na uisome ukiwa umekanyaga hadi mwisho kwenye barabara tupu huku mwenzako akiiangalia geji. Mimi nilipofanya hivyo kwenye gari langu niligundua kwamba boksi nililokuwa nalilaumu lilikuwa halina kosa, na kilichobana ni lile chujio lenyewe, lililojaa vumbi.

Mama_Gereji aliandika:

Mwanangu, usiizibe hiyo PCV. Nasema hivyo mwanzo kabisa kwa sababu rafiki yako amekupa ushauri unaoondoa dalili na kuacha ugonjwa.

Injini yoyote, hata mpya, ina gesi zinazopenya kando ya ringi, na gesi hizo zina petroli ambayo haikuungua, mvuke wa maji na tindikali. Ukiwa umesimama au unaendesha taratibu, PCV ndiyo inayozifagia. Ukiiziba, kile kichujio kidogo kitaacha presha itoke, ni kweli, lakini hakuna kitakachovuta hewa safi ipite ndani, na unyevu utabaki humo ukichanganyika na oili. Kwa mtu wa safari fupi fupi ambaye injini yake haipati moto sawasawa, ute wa rangi ya maziwa ya chai huonekana chini ya kifuniko cha kujazia oili. Na yale yanayotoka nje unayavuta wewe na abiria wako, kama ulivyokwisha kugundua. Katika nchi nyingi kuuachia mvuke huo hewani ni kinyume cha kanuni za moshi wa magari, na California ilianza kudai mfumo wa kuurudisha ndani ya injini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Turbo ikianza kusukuma, mambo yanageuka. Manifoldi sasa ina presha, valvu ya PCV inajifunga ili presha hiyo isiingie kwenye kasha la krenki, na gesi zote, ambazo wakati huo ndizo nyingi kuliko wakati wowote, hazina mlango mwingine isipokuwa ule mpira ulioutoa. Njia yake ya zamani ilikuwa kabla ya turbo kwa sababu pale kuna mvuto kila turbo inapokunywa hewa. Mpira huo ulikuwa unafyonzwa. Kichujio chako kidogo hakifyonzwi na kitu chochote, na kikishalowa oili kinapumua kwa shida.

Nina sababu ya kuzungumza kwa ukali. Niliwahi kufunga kopo la kunasa oili kwenye gari langu mwenyewe, kopo zuri la kung'aa, lenye shingo za milimita 10, wakati mpira wa asili ulikuwa na milimita 19. Tundu la milimita 10 lina nafasi kama robo tu ya lile la 19, lakini sikupiga hesabu, nilipendezwa na kopo. Baada ya mwezi mmoja gari likaanza kutoa moshi wa buluu kila baada ya kupanda mlima mrefu, nami nikaishusha turbo nikidhani imekufa. Ilikuwa nzima kabisa. Oili ya turbo hurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa kutiririka tu, haisukumwi na pampu, na sili za shafti yake ni ringi nyembamba ambazo hazikuundwa kuzuia bwawa la oili. Presha ikipanda ndani ya kasha la krenki, oili inashindwa kushuka, inajaa kwenye turbo na kutokea kwenye ekzosi. Nilipoweka kopo lenye shingo za milimita 19 moshi ukakoma, na turbo ileile ikaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo siamini kopo wala mpira mpaka nimepima. Kifaa ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa mita mbili na nusu hivi, uliokunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao, wenye maji yaliyotiwa rangi. Ncha moja inaingia kwenye bomba la kijiti cha kupimia oili na kuzibwa kwa utepe pembeni, nyingine inabaki wazi. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili za maji ni kilopaskali 1. Mikono ya U iwe mirefu na maji yawe machache, ili mvuto wa injini usije ukayanywa. Injini nzima ikizunguka polepole itayavuta maji kuelekea upande wake, na chini ya presha ya turbo maji yanatakiwa yakae karibu na usawa. Yakisukumwa upande wa nje na kuendelea kupanda, njia yako ya kupumulia inabana, au ringi zimechoka.

Kopo ukilitaka liweke, kwa sababu oili inayorudi kwenye turbo hupaka intakula kwa ndani na ukungu wake hufanya petroli iwe rahisi kulipuka kabla ya wakati. Lakini liwe na vizuizi au nyuzi za chuma ndani, maana kopo tupu linaacha ukungu upite kama ulivyoingia, likae mahali penye ubaridi, na mipira yake isiwe na bonde ambamo oili itatuama. Na mpira huo usiwe wa silikoni ya kawaida. Silikoni hulainika ikikaa na oili ya moto, inavimba, halafu inajikunja kwa ndani ikifyonzwa. Tafuta ile yenye utando wa fluorosilikoni, au tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili.

Msafiri_wa_Usiku aliandika:

Shikamoo Mama Gereji, na asanteni nyote. Nimerudi na majibu baada ya siku tisa.

Nilibana mpira wa PCV kama Spana alivyoelekeza, na marekebisho yalishuka kutoka +19 hadi +11 kabla sijahesabu hadi kumi, na mshale ukasimama kwenye 750. Nikakubali kwamba kosa la kipumulio nimeliona kwa macho yangu. Nimerudisha ganda la sensa la milimita 70 na boksi la asili likiwa na chujio jipya, nikabakiza bomba la alumini kati ya sensa na turbo peke yake, na fundi amelichomelea shingo ya milimita 19. Kopo nimelinunua, lakini sijalifunga hadi nipime. Kwa sasa marekebisho ni +2 nikiwa nimesimama na +1 barabarani, na P0171 haijarudi tangu niifute.

Kwenye kipimo cha maji, injini ikizunguka polepole inavuta sentimita 4, na nikikanyaga hadi mwisho kwenye gia ya tatu maji yanarudi karibu na usawa, yanacheza sentimita moja hivi. Kilichobaki ni mlio mwembamba kama mluzi turbo inapoanza kusukuma, ambao haukuwapo zamani. Nataka kupima uvujaji kwa hewa na povu la sabuni. Je, nianzie wapi?

Spana_Kumi_na_Nne aliandika:

Maji yako yanasema injini ni nzima, funga kopo lako bila wasiwasi kisha upime tena mara moja.

Kuhusu mluzi, injini ikiwa imezimwa, ng'oa bomba kwenye mdomo wa turbo, uzibe mdomo huo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, na uingize hewa polepole hadi nusu ya baa (kilopaskali 50), usizidishe. Ukizibia kizibo mbali zaidi, kwenye sensa, utakuwa umeliacha tundu la kipumulio ndani ya mfumo na hewa ya kompresa itaingia moja kwa moja kwenye kasha la krenki na kusukuma sili za krenki nje. Kwa hiyo kama lazima upime na bomba la alumini, uzibe kwanza shingo ya milimita 19. Uziangalie pia valvu za injini: silinda moja ikiwa imesimama na valvu zote mbili wazi, utasikia hewa ikitokea kwenye ekzosi na kudhani ni mpira, basi zungusha krenki kidogo kwa spana ujaribu tena.

Paka sabuni kwenye kila kiungo kati ya turbo na manifoldi, ukianzia kwenye vile ulivyovigusa. Bomba la alumini lisilo na mviringo ulioinuka kwenye ncha yake halishiki mpira chini ya presha hata ukikaza klempu hadi ikatike. Ukikuta povu, usikaze tu juu yake: fungua kiungo, ufute oili yote kwenye bomba na ndani ya mpira kwa kitambaa chenye kisafishia breki, usubiri kikauke, ndipo urudishe. Kiungo chenye oili huteleza kidogo kidogo kila turbo inaposukuma, na siku moja mpira huchomoka ukiwa katikati ya kulipita lori.